Somo la Nishati: Namna ya Kuchagua Jiko la Kuni Lenye Moshi Kidogo

Kaya nyingi za Kata ya Kisaki bado hupika kwa kuni, na zitaendelea kufanya hivyo kwa muda. Kwa sababu hiyo, wachuuzi na vikundi vya mafundi huleta vijijini majiko ya namna nyingi, na karibu yote husifiwa kwa neno moja: "banifu". Neno hilo lina maana ya jiko linalobana matumizi ya kuni. Halisemi lolote kuhusu moshi. Somo hili linalenga kumsaidia mkazi atofautishe mambo hayo mawili kabla hajatoa fedha yake.

Moshi ni suala la afya

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri wa chini ya miaka 5. Kinachodhuru zaidi ni chembe ndogo mno zilizomo ndani ya moshi, ambazo upana wake hauzidi mikromita 2.5, yaani chini ya sehemu ya ishirini ya unene wa unywele. Kwa udogo huo chembe hupita puani na kooni bila kuzuiwa, zikafika ndani kabisa ya mapafu. Nimonia kwa watoto, magonjwa sugu ya mapafu, magonjwa ya moyo na kiharusi vyote vina uhusiano na moshi huo. Anayevuta moshi mwingi zaidi ni mama aliyeinama juu ya chungu, na mtoto aliyebebwa mgongoni mwake.

Moshi hutoka wapi?

Kuni haziungui moja kwa moja. Zikipata joto, kwanza hutoa mvuke wa maji, kisha hutoa gesi. Gesi hizo zikikuta joto kali na hewa ya kutosha, huungua zote na kuwa mwali. Zikikosa joto au hewa, hupaa bila kuungua, na huo ndio moshi tunaouona. Kwa hiyo moshi ni kuni zilizopotea kabla ya kuungua.

Mafiga matatu hupoteza joto kila upande. Upepo hupoza mwali, na chungu cha baridi hukaa karibu mno na moto, hivyo gesi hupoa kabla ya kuungua. Kwa kawaida, katika kila sehemu 100 za joto la kuni, sehemu 10 hadi 15 tu ndizo zinazoingia kwenye chakula.

Kubana kuni na kupunguza moshi

Fundi anaweza kuzungushia mafiga ukuta mnene wa udongo. Kuni zitapungua, kwa sababu upepo umezuiwa na joto limeelekezwa kwenye chungu. Lakini endapo mlango wa hewa ni mwembamba, moto utakosa hewa na moshi utaongezeka. Aidha, udongo mnene na mzito hunywa joto katika dakika za mwanzo, na katika dakika hizo jiko hufuka sana. Mkazi atakuwa ameokoa mzigo wa kuni huku kifua chake kikiendelea kuumia.

Ndiyo maana vipimo vya Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) hutenganisha mambo hayo. Jiko hupewa daraja kuanzia 0 hadi 5 kwa kila kipengele peke yake: matumizi ya joto, chembe za moshi, gesi ya monoksidi ya kaboni, usalama na uimara. Shirika la Afya Duniani huliita jiko kuwa safi pale linapofikia daraja la 4 au la 5 kwa chembe za moshi, na daraja la 5 kwa monoksidi ya kaboni. Majiko mengi ya kuni hayafiki hapo. Kwa hiyo muuzaji akikuambia jiko lake limepimwa, muulize: "Daraja lake la moshi ni lipi?" Asikujibu kwa daraja la kubana kuni.

Aina tatu za majiko ya kuni

1. Jiko la roketi. Lina chumba cha moto chenye umbo la herufi L. Kuni huingia kwa chini kupitia mlango mdogo, na mwali hupanda katika bomba fupi hadi kwenye sufuria. Chini ya kuni huwekwa kibao ili hewa ipite. Ukuta wa chumba cha moto hutakiwa kuwa wa kitu chepesi kinachohifadhi joto, kama tofali jepesi au bati mbili zilizojazwa majivu katikati. Likitumiwa vizuri hupunguza kuni kwa theluthi moja hadi nusu, na hupunguza moshi pia, ingawa haliumalizi.

2. Jiko lenye dohani. Hili hujengwa mahali pamoja na moshi wake hutolewa nje kwa bomba. Linafaa kwa nyumba za vijiji vya milimani kama Kinole na Tegetero, ambako baridi huwafanya watu wapikie ndani. Ni lazima bomba lipite juu ya paa, lisiguse makuti wala nyasi, na lisafishwe masizi mara kwa mara. Dohani iliyoziba hurudisha moshi wote chumbani.

3. Jiko linalowashiwa juu. Vijiti vifupi hupangwa ndani ya mkebe, kisha moto huwashwa kwa juu. Gesi hupanda kutoka chini na kuungua zikikutana na hewa inayoingia kwenye matundu ya juu. Mengine yana feni ndogo. Haya ndiyo yenye moshi mdogo zaidi katika majiko ya kuni, lakini hutaka vijiti vikavu vilivyokatwa sawasawa, na yenye feni huhitaji umeme au betri. Kama huna namna ya kuchaji, usinunue lenye feni.

Baadhi ya wakazi huona suluhisho ni kuhamia kwenye mkaa, kwa kuwa moshi wake hauonekani. Tahadhari: jiko la mkaa hutoa kwa wingi monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo inaweza kuua watu waliolala katika chumba kilichofungwa. Usiingize jiko la mkaa chumbani, hata usiku wa mvua.

Jaribu kabla ya kulipa

Muuzaji mwaminifu hatakataa jiko lake lijaribiwe. Fanya haya mbele yake:

• Chukua kuni kavu za aina moja, ugawe mafungu mawili yenye uzito sawa. Chemsha lita 5 za maji kwenye mafiga na lita 5 kwenye jiko jipya, kwa sufuria zinazofanana. Linganisha muda uliotumika na kuni zilizobaki.
• Baada ya dakika tano za kuwaka, tazama moshi. Jiko zuri hufuka wakati wa kuwasha, kisha moshi hupungua sana.
• Geuza sufuria uangalie masizi. Masizi mengi ni ushahidi wa gesi zisizoungua.
• Weka sufuria kubwa unayotumia nyumbani, usonge ugali kwa nguvu. Jiko likiyumba litakuja kumwagia mtoto maji ya moto.
• Angalia mlango wa kuni. Kama hauingizi kuni unazozipata kwako, utalazimika kuzipasua kila siku, na pengine baada ya wiki mbili utarudi kwenye mafiga.
• Uliza kuhusu alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), muda wa dhamana, na nani atakayebadilisha chumba cha moto kikipasuka.

Piga pia hesabu. Tuchukue mfano wa kaya inayonunua mizigo mitatu ya kuni kwa wiki, kila mmoja kwa shilingi 2,000. Hiyo ni shilingi 6,000. Jiko likipunguza theluthi moja, kaya huokoa shilingi 2,000 kwa wiki, hivyo jiko la shilingi 30,000 hurudisha fedha yake katika wiki 15. Kwa anayekusanya kuni mwenyewe, faida ni safari zilizopungua. Hilo si jambo dogo kwa kata inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambamo kukata kuni ni kosa kisheria, na ambako wanyama wakali hawatambui mpaka.

Kuni na mahali pa kupikia

Mwezi Desemba 1952 moshi ulilifunika jiji la London kwa siku tano na kuua maelfu ya watu. Mwaka 1956 Uingereza ilitunga Sheria ya Hewa Safi, iliyozipa halmashauri uwezo wa kutangaza maeneo yanayodhibitiwa moshi. Hadi leo, katika maeneo hayo kuni huruhusiwa tu katika jiko lililoidhinishwa. Na tangu 2021, kuni zinazouzwa kwa mafungu madogo nchini humo hutakiwa ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20. Walitambua kwamba jiko zuri likipewa kuni mbichi hufuka kama jiko baya.

Kuni zilizokatwa leo zinaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Kabla ya kukupikia, moto hulazimika kwanza kuyachemsha maji hayo. Hapa Kisaki, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo ya kukausha. Pasua kuni ziwe nyembamba kama kifundo cha mkono au chini yake, zipange juu ya magogo zisiguse ardhi, na uzifunike juu huku ubavuni pakiachwa wazi. Kuni kavu huwa na nyufa kwenye ncha, na mbili zikigonganishwa hutoa mlio mkali. Kwa masika, weka akiba ya angalau wiki mbili chini ya paa.

Kuhusu mahali, joto la bondeni kwetu linatupa nafasi ambayo wenzetu wa milimani hawana: kupikia kwenye banda lililo wazi pande mbili, mbali na chumba cha kulala. Kama banda lina kuta, acha nafasi kati ya ukuta na paa, na toboa dirisha upande wa pili wa mlango. Loweka maharage usiku kucha, na funika sufuria. Kila dakika inayopungua jikoni ni moshi ambao hautavutwa.

Fundisho kutoka Malawi

Jirani zetu wa Malawi walifanya utafiti mkubwa, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Ulihusisha watoto zaidi ya 10,000 wa wilaya za Karonga na Chikhwawa. Baadhi ya kaya zilipewa majiko ya feni, nyingine zikaendelea na moto wa wazi. Ajali za kuungua zilipungua kwa asilimia 42 kwenye kaya zenye majiko mapya. Lakini nimonia kwa watoto haikupungua. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba watoto waliendelea kuvuta moshi wa kwingine, ukiwamo wa taka zinazochomwa na wa tumbaku.

Tusielewe kuwa majiko hayana maana. Fundisho lake ni kwamba jiko peke yake halitoshi. Anayenunua jiko zuri, kisha akaendelea kuwasha mafiga pembeni kwa ajili ya maharage, na kuchoma takataka jioni uani, amenunua nusu ya dawa.

Shule, vituo vya huduma na mama lishe

Serikali imekwisha kuelekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Kwa hiyo kamati za shule zinazopanga kujenga jiko jipya la kuni zisifanye hivyo kabla ya kuwasiliana na Halmashauri, zisije zikatumia michango ya wazazi kwa kitu kisichoruhusiwa. Kwa upande wa kaya, Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Nyumbani hakuna mkaguzi atakayekuja kupima moshi. Mlinzi wa eneo hilo ni mwenye nyumba.

Gesi na umeme bado ni safi kuliko jiko lolote la kuni. Sufuria ya umeme ya presha huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Mwenye uwezo aanze na hayo kwa vyakula vya haraka, kuni zibaki kwa vichache. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umekuwa ukisambaza mitungi ya gesi na majiko banifu kwa bei ya ruzuku. Matangazo yanapofika, hubandikwa katika ofisi za vijiji.

Wapi pa kuanzia

Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata hupokea vikundi vinavyotaka kutengeneza au kuuza majiko. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mtoto mwenye kikohozi kinachoambatana na kupumua kwa haraka, au mbavu zinazoingia ndani anapovuta pumzi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo bila kusubiri.

Kwa ufupi, mkazi wa Kisaki anayetaka jiko la kuni azingatie mambo manne kwa mpangilio huu: moshi kwanza, kisha kuni, kisha usalama, na bei mwisho. Akikosa fedha za jiko kwa sasa, bado anaweza kuanza wiki hii kwa kukausha kuni, kufungua dirisha na kumsogeza mtoto mbali na moto. Hayo matatu hayauzwi.