Somo la 14: Kima Punju wa Jozani

Msitu wa Jozani uko Unguja. Mwaka 2004 msitu huo, pamoja na Ghuba ya Chwaka, ulifanywa hifadhi ya taifa. Humo wanaishi kima punju. Mnyama huyu hapatikani kwingine duniani ila Zanzibar.

Kima hawa huingia mashambani wakala mazao. Mkulima hupata hasara. Lakini wageni hulipa kiingilio ili wawaone. Sehemu ya fedha hizo hurudi vijijini.

Ndugu msomaji, je, kima ni adui au ni mali? Ukimwua leo, shamba litapona. Kesho mgeni atakuja kuona nini?

Maswali
1. Kima punju huishi wapi?
2. Kwa nini wageni hulipa kiingilio?
3. Jadilianeni: Mkulima aliyeliwa mazao yake asaidiwe vipi?