Riba na Ushirika Wakati wa Dhiki

Bismillahi Rahmani Rahim.

Surat al-Baqara imetenganisha baina ya biashara na riba. Wako wanaodhani kuwa tofauti yake ni ya majina tu, kwani siku za neema kila mkataba huonekana mwema. Dhiki ndiyo huifichua.

Nchini Uingereza, kiwango cha riba cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 0.1 mwaka 2021, kikafika asilimia 5.25 Agosti 2023. Mkaazi wa Edmonton, kaskazini ya London, aliyekopa kwa riba inayobadilika, alidaiwa zaidi kwa nyumba ile ile, hata kama mshahara wake haukuongezeka.

Tuchukue mfano. Nyumba yauzwa pauni 300,000. Familia ina 60,000, na benki yatoa 240,000. Kisha bei yaanguka hadi 240,000. Ikiwa ni mkopo, deni la benki libaki kamili, na mali yote ya familia imekwenda. Ama ikiwa ni ushirika wa kweli, hasara hugawanywa kwa kadiri ya mafungu: familia hupoteza 12,000 na benki 48,000. Hii ndiyo maana ya kauli ya mafakihi kuwa mwenye kutaka faida na aibebe dhamana.

Islamic Bank of Britain ilifunguliwa mwaka 2004, na mwaka 2014 ikaitwa Al Rayan Bank. Oman nayo iliruhusu mabenki ya Kiislamu kwa amri ya Sultani ya mwaka 2012. Hayo ni mambo ya kushukuriwa. Lakini jina halihalalishi kitu. Katika mikataba huzingatiwa makusudio na maana, si matamko. Mikataba mingi ya nyumba nchini Uingereza humtaka mteja anunue fungu la benki kwa bei ya mwanzo, hata thamani ikishuka. Na kodi aghalabu hufuata kiwango cha riba cha soko. Mkataba wa namna hiyo waweza kuwa na umbo la ushirika, na uzito wa hasara ukabaki juu ya mnyonge.

Basi mzazi, kabla hajatia saini, na aulize mambo matatu. Kwanza: je, benki inamiliki fungu lake kwa hakika? Pili: kodi yapangwa kwa kipimo gani, na ina kikomo? Tatu: bei ikianguka, au mwenye nyumba akikosa kazi, nani atabeba hasara? Majibu yasomwe katika maandishi ya mkataba, si katika matangazo, na apelekewe mwanachuoni aliye mjuzi wa miamala.

Ama aliyekwisha kuingia katika deni na akafikwa na dhiki, Qur'ani imeamrisha apewe muhula mpaka afarijike, na kumsamehe ni bora zaidi. Jamaa zake wasimwache peke yake.

Wallahu a'lam.