Kamba Inapoteleza: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Pampu ya Kisima

Mwenye kisima kifupi mjini Songea anayetafuta pampu ya bei nafuu huenda akauziwa pampu ya kamba. Kamba yenye vizibo vya plastiki hupanda ndani ya bomba ikisukuma maji, kisha huzunguka juu ya gurudumu lililotengenezwa kwa kingo za tairi kuukuu. Gurudumu hilo huishika kamba kwa msuguano.

Kwa nini kamba huteleza?

Mshiko hutegemea ukwaru wa nyuso, mkazo wa kamba upande unaoshuka, na sehemu ya gurudumu inayozungukwa. Baharia wa Ziwa Nyasa huzungusha kamba mara mbili kwenye nguzo ya gati, akazuia chombo kizito kwa nguvu ndogo. Kwa makadirio ya kawaida, mzunguko mmoja hukuza nguvu ya mkono zaidi ya mara 6, na miwili zaidi ya mara 40. Kamba ya pampu hupata nusu mzunguko tu, takriban mara 2 na nusu. Kwa hiyo ikilegea, hakuna cha kukuzwa.

Kiangazi ndicho kipimo

Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25 hubeba takriban nusu kilo ya maji kwa kila mita. Maji yakiwa mita 10 chini, mzigo ni kilo 5. Yakishuka hadi mita 20, ni kilo 10. Pampu iliyofanya kazi vema mwezi Machi yaweza kuteleza Septemba.

Kabla ya kulipa

1. Mweleze fundi kina cha maji wakati wa kiangazi. Kisima kirefu huhitaji bomba jembamba zaidi.
2. Ijaribu pampu bomba likiwa limejaa maji. Weka alama ya chaki kwenye gurudumu na kamba. Zikiachana, kamba inateleza.
3. Hakikisha kipo kizuizi cha kuzuia mpini usirudi nyuma kwa kasi na kumjeruhi mtoto.
4. Dai risiti na dhamana ya maandishi.

Baada ya kununua

Kamba mpya hurefuka, ikazwe mapema. Usiipake mafuta kamba wala gurudumu: utapunguza mshiko na kuchafua maji. Mafuta ni ya vishikio vya mhimili pekee.

Muuzaji akikataa kurekebisha kasoro, tunza risiti na uwasilishe malalamiko kwa Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji.