Baada ya mafungo, basi la Handeni

Swali: Nimerudi Korogwe kutoka mafungo ya siku 10 ya vipassana, tafakuri ya Kibudha. Kila asubuhi napanda basi kwenda kazini Handeni, na utulivu wote umekwisha. Nifanyeje?

Jibu: Utulivu ulitokana na kimya na ratiba, lakini ulichofundishwa hasa ni kutazama yanayotokea mwilini na akilini. Kozi za mwalimu wa vipassana S. N. Goenka huagiza kutafakari saa nzima asubuhi na nyingine jioni (mwenye watoto na ng'ombe atacheka). Anza na dakika 20 alfajiri. Ndani ya basi, jaribu njia ya mtawa Mahasi Sayadaw wa Burma, ukitazama tumbo unapopumua: linapanda, linashuka. Konda akipaza sauti, jiambie kimoyomoyo, "kusikia". Hasira ikija, "hasira", bila kuifukuza. Ukifika Dar, mtawa wa hekalu la Wabudha, Upanga, lililoanzishwa na wahamiaji wa Sri Lanka, anaweza kukusahihisha.