Tabitha na Blanketi la Vipande

Katika Matendo ya Mitume 9:36-42 tunakutana na Tabitha wa Yafa, kwa Kigiriki Dorkasi. Alipofariki, wajane walimwonyesha Petro kwa machozi mavazi aliyowashonea. Tuangalie jambo moja: hesabu ya kazi yake haikutolewa na yeye, bali na waliovaa.

Sisi wa Machame tunaijua baridi ya Juni na Julai. Kwa hiyo somo hili linatugusa tunaoshona jioni kwa kupenda tu. Mabaki ya vitenge kwa fundi cherehani yanatosha kuanzia. Kata vipande 48 vya mraba vya sentimita 27, uache sentimita 1 kila upande kwa ajili ya mshono. Ukivipanga 6 kwa 8, utapata blanketi la sentimita 150 kwa 200. Ndani yake weka blanketi jepesi, kisha ushonee kitambaa cha chini.

Mwisho wa mwaka huwa tunahesabu: tumemaliza mangapi? Tabitha anatufundisha kuuliza pia: nani amelala na joto? Zawadi kwa maharusi na kwa mtoto aliyebatizwa ni njema, tuitoe kwa furaha. Lakini mjane na mgonjwa asiye na ndugu wasibakiziwe lile lililokosewa mshono. Vitambaa vyaweza kuwa mabaki; sadaka isiwe mabaki.

Kwa tafakari: katika jumuiya yetu, nani bado hatujamshonea?