Baisikeli Haiendi: Tutafute Ugonjwa Wake

Watu wengi katika inchi yetu wanapata chakula kwa baisikeli. Wauza makala wanasukuma magunia kwenda Lubumbashi. Katika mji wa Kisangani vijana wanachukua watu kwa baisikeli zinazoitwa toleka. Baisikeli ikiharibika, kazi inasimama, na nyumbani chungu kinakaa bure. Kwa hiyo ni vizuri kujua namna ya kutafuta ugonjwa wake.

1. Njia ya nguvu

Nguvu inatoka katika miguu ya mtu. Inapita katika pedali, kisha katika gurudumu kubwa la meno. Mnyororo unaipeleka nyuma mpaka gurudumu dogo la meno. Hilo linazungusha gurudumu la nyuma, na baisikeli inakwenda.

Tuseme gurudumu kubwa lina meno 44, na dogo lina meno 22. Pedali zikizunguka mara 1, gurudumu la nyuma linazunguka mara 2. Kama kila mzunguko ni metre 2 na sentimetre 20, baisikeli imekwenda metre 4 na sentimetre 40. Lakini kama njia ya nguvu imekatika mahali pamoja tu, miguu inachoka bure.

Fundi mwenye akili anaifuata njia hiyo hatua kwa hatua, tangu pedali mpaka gurudumu. Hafungui kitu kabla ya kutazama.

2. Fundi na mwuza makala

— Jambo, Mzee.

— Jambo, mwanangu. Habari ya safari?

— Mbaya, Mzee. Nikipanda mlima, mnyororo unaruka. Juma lililopita nilinunua mnyororo mpya, lakini na huo unaruka.

— Uliangalia meno kwanza?

— Hapana, Mzee. Nilidhani mnyororo peke yake ndio mbovu.

— Ulikuwa mbovu kweli. Lakini tazama gurudumu dogo. Meno yake yamelika, yamepinda kama kucha za kuku. Mnyororo mpya haukai juu ya meno ya namna hiyo.

— Basi, feza yangu imepotea?

— Haikupotea. Weka gurudumu dogo jipya, na mnyororo wako utakaa. Lakini ungalipima mnyororo wa zamani mapema, kabla haujaharibu meno, ungalinunua kitu kimoja tu.

Namna ya kupima ni hii. Nyosha mnyororo. Hesabu pini 25. Pima tangu katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya 25. Mnyororo mpya una milimetre 305. Ukifika milimetre 308, umechakaa: uubadili.

3. Dalili na sababu

Mnyororo unaanguka. Labda umelegea. Uguse katikati kwa kidole: ni vizuri upande na kushuka sentimetre 1 ao 2 tu. Ukizidi, legeza nati za gurudumu la nyuma, livute nyuma kidogo, ulinyoshe sawa, kisha ukaze tena.

Pedali na mnyororo vinazunguka, lakini gurudumu limesimama. Ndani ya gurudumu dogo la meno mna vikucha vidogo vya chuma. Vinashika mtu anapokanyaga, vinaachilia anapoacha. Matope na mafuta mazito yanavizuia. Osha kwa petroli ya taa, mbali na moto. Kikisha kukauka, tia mafuta mepesi.

Pedali inagonga mara moja kila mzunguko. Mara nyingi ni kabari ndogo ya chuma inayoshika mkono wa pedali. Imelegea ao imelika. Usingoje, maana inaharibu chuma kinachopita katikati.

4. Gurudumu linayumba

Hapa kuna magonjwa mawili, na dawa zake si moja.

Inua gurudumu. Shika ukingo wake, sukuma kulia na kushoto. Likicheza katikati, ugonjwa ni katika gololi, vile vijipira vya chuma vilivyo ndani. Labda vimelegea, labda vimelika. Lakini usivikaze mno: gurudumu litakuwa gumu na gololi zitavunjika.

Kama katikati hapachezi, lizungushe polepole na kuweka kijiti karibu na ukingo. Mahali ukingo unapogusa kijiti, umepinda. Piga kwa kidole vile vyuma vyembamba vinavyotoka katikati kwenda ukingoni. Kilicholegea kinatoa sauti ya chini kuliko vingine. Fundi atakikaza kidogo kidogo, robo ya mzunguko kila mara.

Angalia: mtu anapozungusha pedali, usiweke vidole karibu na mnyororo. Mnyororo unaweza kukata kidole.

5. Kabla ya kupakia

Mzigo mzito unaonyesha kila ubovu, tena kwa hatari. Nati ya gurudumu ikilegea katika mteremko, gurudumu linaweza kutoka, na mtu akafa. Kwa hiyo kila asubuhi fanya mambo manne: jaribu nati, jaribu breki, bonyeza mipira, tazama mnyororo. Kazi hiyo haipiti dakika tano.

Mungu ametupa macho ya kutazama na akili ya kufikiri. Mwenye haraka ananunua kitu kipya. Mwenye akili anatafuta kwanza sababu.

Maswali

1. Taja kwa mpango sehemu ambamo nguvu inapita, tangu miguu mpaka gurudumu la nyuma.
2. Kwa nini mnyororo mpya wa mwuza makala uliruka?
3. Gurudumu linayumba. Utajuaje kama ugonjwa ni katika gololi ao katika ukingo?
4. Hesabu: gurudumu kubwa lina meno 48, dogo lina meno 16. Pedali zikizunguka mara 10, gurudumu la nyuma linazunguka mara ngapi?
5. Nyumbani, omba ruhusa kwa baba ao kwa ndugu yako mkubwa. Pima mnyororo wa baisikeli yake, na kesho utuambie ulivyoona.