Balbu Sahihi kwa Taa za Mbele za Gari Dogo

Usiku, barabara ya kutoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha Bungoma, hupitiwa na wengi: trekta za miwa, bodaboda, baiskeli zisizo na taa na watu wanaotembea kando ya lami. Gari lenye taa moja ni hatari kwa wote. Dereva anayekuja upande wa pili huweza kudhani ni pikipiki, akasogea katikati ya barabara.

Taa ikizimika, wengi huenda dukani na kuomba "balbu ya Probox". Jina la gari halitoshi. Magari ya jina moja huweza kutofautiana kwa mwaka na toleo, na mengi yalitumika Japani kabla ya kuletwa Kenya. Kinachohitajika ni mambo matatu: aina, volti na wati. Huandikwa kwenye kitako cha balbu yenyewe. Basi, toa ya zamani kwanza, uisome, uende nayo dukani.

Kusoma maandishi

Probox nyingi zenye taa za halojeni hutumia H4, na balbu yake huandikwa 12V 60/55W. H4 ina pini tatu na nyuzi mbili ndani: uzi wa wati 60 ni wa mwanga wa mbali, ambao madereva huuita fuli, wa wati 55 ni wa mwanga wa karibu, yaani dimu. Magari mengine hutumia H7, H11 au HB3. Hizi zina uzi mmoja na pini mbili, na hakuna inayoingia mahali pa nyingine. Balbu ikikataa kuingia, usiilazimishe.

Angalia volti pia. Gari dogo hutumia volti 12. Malori mengi hutumia 24. H4 ya lori huingia kwenye gari dogo bila shida, lakini mwanga wake utakuwa hafifu.

Wati nyingi si faida

Balbu mbili za wati 60 huvuta takriban ampea 10. Za wati 100 huvuta karibu 17. Nyaya na soketi hazikutengenezwa kwa mzigo huo; fyuzi huungua, soketi huyeyuka, na taa zote mbili zinaweza kuzimika gari likiwa mwendoni. Balbu za LED zinazochomekwa mahali pa halojeni nazo zina tatizo lao: kioo cha ndani kilipangwa kufuata mahali pa uzi, kwa hiyo mwanga hutawanyika na kumpofusha anayekuja mbele.

Hatua za kubadilisha

1. Kabla ya kufungua chochote, egesha gari mahali tambarare jioni, hatua kumi kutoka ukutani. Washa dimu, uweke alama ya chaki pale mwanga unapokomea juu.
2. Zima gari na taa, usubiri balbu ipoe.
3. Fungua boneti, chomoa plagi ya nyaya, toa mpira wa kuzuia maji, kisha legeza waya unaoshika balbu.
4. Shika balbu mpya kwenye kitako tu. Mafuta ya vidole huipasha kioo joto lisilo sawa na kufupisha maisha yake. Ikiguswa, ifute kwa kitambaa safi chenye spiriti.
5. Kwa H4, sikio pana la kitako hukaa juu. Rudisha waya, mpira na plagi.
6. Badilisha zote mbili. Zilizoanza kazi pamoja huchakaa pamoja.
7. Rudi kwenye ukuta. Mwanga ukipita alama, balbu haijakaa sawa.

Taa za zenoni, zenye alama inayoanza na D kama D2 au D4, hutumia umeme wa volti elfu nyingi zinapowashwa. Hizo mwachie fundi wa umeme wa magari.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka mwenye gari kuwa na taa zinazofanya kazi. Ukaguzi ni rahisi: kila jioni kabla ya safari, washa taa na uzunguke mbele ya gari. Na weka balbu moja ya akiba garini, ya aina ile ile.